Njia ya Ng'ombe Iliyopita kwa Mama

Joho la kwanza nililovaa kwenye baraza la madiwani lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya mwanaume mrefu. Lilinifunika viganja, likaburutika sakafuni, na nilipoinuka kwenda kuapa nililikanyaga mwenyewe nusura nianguke mbele ya wageni waalikwa. Mheshimiwa mmoja aliyekaa jirani akaninong'oneza, "Pole pole, Mama, kiti hakikimbii." Nikamjibu kwamba kiti hakikimbii lakini wapo wanaokikimbilia. Huo ndio ulikuwa mchango wangu wa kwanza barazani, na haukuingia kwenye muhtasari.

Sasa nimestaafu. Wanasiasa wengi wa huku hawastaafu, huangushwa, kwa hiyo neno hilo nalitumia kwa raha zangu. Nilikaa kipindi kimoja cha viti maalumu na viwili vya kata, na madiwani wapya, hasa wasichana, wanakuja nyumbani kwangu Lipangalala kuniuliza nilifanyaje. Nimeona bora niandike, maana kila nikisimulia kwa mdomo najikuta nimekuwa mzuri zaidi kuliko mara iliyopita. Kwenye karatasi nitajibana. Habari za vyeo nitaziruka, na za posho pia. Hizo mtazijua wenyewe siku ya kwanza bila kufundishwa na mtu.

Mimi ni Mndamba, mtoto wa bondeni. Mama yangu, Filomena, alikuwa akilima mpunga kwenye mbuga iliyo ng'ambo ya Michenga, na ndiko nilikojifunza kutembea, kuogelea na kunyamaza watu wazima wanapozungumza. Hilo la tatu lilinichukua muda kulisahau. Sisi Wandamba ndio wenyeji wa bonde hili, maneno tunayoyatumia sana tunapokosa hoja nyingine. Nami niliyatumia jukwaani, tena kwa sauti kubwa, nikapigiwa vigelegele. Mtaona mbele yalikonifikisha.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Bwana Mkopi, mtendaji wa kata, Mpogoro aliyeteremka kutoka Mahenge akiwa na baiskeli moja na hasira nyingi juu ya karatasi zilizojazwa vibaya. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama baba, ndipo akabadilika na kuniita Mheshimiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma muhtasari wa kikao kilichopita kabla ya kufungua ajenda ya leo, kwa sababu uongo mwingi hukaa kwenye muhtasari, siyo kwenye ajenda. Barazani nilipokuwa nauliza "kwa nini daraja halijajengwa," nikajibiwa kwa robo saa nzima na kurudi kijijini mikono mitupu, alinisubiri nimalize kulalamika, kisha akasema, "Mheshimiwa, usiwaulize kwa nini. Watu waliosoma wana majibu mengi ya kwa nini. Waulize lini, na nani atakayesimamia, halafu kaa chini uandike." Tangu siku hiyo majibu yakawa mafupi, na daraja lile likajengwa, ingawa si siku waliyoitaja.

Mkutano wangu wa kwanza kama diwani wa kata niliuitisha kipindi cha kuamia ndege. Msiojua mbuga niwaeleze. Mpunga ukianza kujaza punje, ndege wadogo hushuka kwa maelfu, na familia nzima huhamia shambani. Kila shamba lina dungu, jukwaa la miti lenye nguzo nne na kiezeko cha nyasi, na juu yake hukaa mtu kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, akivuta kamba zilizofungwa makopo na kupiga kelele. Ukishuka kwa saa moja kwenda mkutanoni, ukirudi unakuta umevunia ndege. Mimi niliyezaliwa kwenye maisha hayo, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye viti vya ofisi miaka mitano, nilibandika tangazo: mkutano wa hadhara, saa nne asubuhi, wananchi wote mnakaribishwa. Walikuja mwalimu mkuu, mlevi mmoja na mbuzi. Bwana Mkopi alihesabu akidi kwa kidole, mbuzi akiwemo, akasema tunaweza kuahirisha.

Ndipo nikaanza kufanya mikutano juu ya madungu. Nilivaa buti za mvua, nikachukua mtumbwi mpaka unapokwama, kisha kwa miguu, dungu hadi dungu. Unapiga hodi kutoka chini, unapanda, unashika kamba moja ya makopo, na mazungumzo yanaendelea huku mnawafukuza ndege. Huko nilikutana na wanawake ambao kijijini hawakuwahi kufungua kinywa mbele ya waume zao. Dunguni hakuna mume, yuko Ifakara anafuatilia mambo. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba watu hupashana habari kwa kupaza sauti kutoka dungu moja hadi jingine, kwa hiyo ajenda ilikuwa ikinitangulia. Nilipofika dungu la kumi kuzungumzia zahanati, nilikuta mama mmoja ameshanuna kwa sababu amesikia nataka kuhamisha makaburi.

Vifaa vyangu vilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, filimbi, na penseli. Sikutumia kalamu ya wino. Mtumbwi ukiingiza maji wino unayeyuka na ahadi zako zote zinakuwa madoa ya bluu, lakini penseli hubaki. Vijana wananionyesha simu zao wakiniambia kila kitu kimo humo. Sawa, ila nimeshazamisha simu mbili, na daftari langu la kwanza ninalo mpaka leo.

Sasa niwaeleze kesi iliyonifundisha kazi kuliko zote, na ambamo nilikosea.

Wafugaji walipoingia bondeni na ng'ombe wao, wengi wakiwa Wasukuma kutoka kanda ya ziwa, hapakuwa na njia maalumu ya kuifikisha mifugo mtoni. Kiangazi waliswaga popote. Ng'ombe wakikatisha shamba ambalo halijavunwa, au lililopandwa mapema, watu walitoka na mapanga na fimbo. Mwaka ule vijana wawili walikuwa wameshaumizwa, mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule, na kila aliyenisalimia aliuliza nitafanya nini. Tukakubaliana vijiji vyote kwamba ipimwe njia moja ya ng'ombe, pana, inayojulikana, kutoka malishoni hadi mtoni, na vigingi viwekwe kabla ya mvua. Kila mtu aliitaka njia hiyo. Hakuna aliyetaka ipite kwake.

Tuliitembea mwisho wa kiangazi: mimi, Bwana Mkopi, afisa ardhi kutoka mjini, mwenyekiti wa kitongoji ambaye ni Mndamba mwenzangu, na mzee mmoja aliyewakilisha wafugaji, aliyekaa upande wa mbali wa kata. Moto ulikuwa umepita mbugani, ardhi nzima nyeusi, huwezi kujua wapi palilimwa na wapi ni pori. Lakini mimi sikuwa na wasiwasi. Kwetu, mtu akivuna huondoa kiezeko cha dungu na kuziacha nguzo zake nne zimesimama. Nguzo zikiwepo, shamba lina mwenyewe, hata akipumzisha ardhi miaka mitatu. Anayeliacha shamba kabisa huja mwenyewe akazing'oa, na hakuna anayeruhusiwa kumng'olea. Kwa hiyo nilikuwa nikiangalia nguzo tu, na kumwambia afisa ardhi, hapa pana mtu, hapa pana mtu. Yule kijana wa watu alikuwa anashangaa nilivyoisoma mbuga. Nami nilishangaa kidogo, kwa kweli. Nilijipenda sana siku ile.

Tulipokaribia mto tukafika mahali pembamba. Kulia kulikuwa na shimo la maji lisilokauka. Kushoto, shamba kubwa la mama yangu, nguzo nne zimesimama. Katikati palikuwa na kipande kisicho na nguzo hata moja. Mama alikuwepo, akikusanya kuni. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, hapa katikati ni pa nani?"

Akanyoosha mgongo, akaangalia pale, akasema, "Unaona dungu hapo?"

"Sioni."

"Haya."

Nikamgeukia afisa ardhi nikamwambia, "Hapa hapana mwenyewe." Mwenyekiti wa kitongoji akaitikia kwa kichwa. Vigingi vikapigwa, vikapakwa rangi nyekundu, mkutano wa kijiji ukapitisha, tukapiga makofi. Njia imepatikana na hakuna aliyeguswa. Nililala usingizi mzuri wiki nzima.

Mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja nikiwa ofisini kwa mtendaji, nilisikia mkokoteni wa ng'ombe umesimama nje. Aliyeshuka alikuwa Mama Kabula, mjane wa Kisukuma mwenye watoto watatu, niliyemfahamu kwa sura tu. Miezi yote ile alikuwa kwao, kwenye msiba wa baba yake. Hakuingia ndani. Aliteremsha nguzo nne kutoka kwenye mkokoteni, moja baada ya nyingine, akazilaza mbele ya mlango wa ofisi, ndipo akasalimia.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Kabula. Mwangaluka." Salamu yao nilikuwa nimejifunza wakati wa kampeni.

"Mwangaluka. Nimekuletea dungu langu."

Nikamuuliza dungu la nini.

"Nimesikia hapa mnatambua dungu tu, mtu hammtambui. Basi nimelileta mlione. Shamba langu nimelikuta lina vigingi vyenu."

Nilielewa kabla hajamaliza, lakini mdomo wangu ulikuwa bado na kiburi. "Sasa mbona uliling'oa? Ukiling'oa maana yake umeacha shamba."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mtoto wa jirani. "Niliache liliwe na mchwa? Nguzo hizi nimezifuata Mlimba, zimekuja kwa treni. Kila nikivuna nazing'oa, nazipaka oili chafu, naziweka darini. Wewe, Mheshimiwa, ukimaliza kulima, jembe unaliacha shambani?"

Bwana Mkopi aliinamia karatasi zake. Mimi niliinama kuzishika zile nguzo. Zilikuwa nyeusi kwa oili, laini, ncha zimechongwa vizuri kuliko za mtu yeyote ninayemfahamu kule mbugani. Mkulima makini kuliko wote kwenye ule mstari ndiye niliyemwandika kwamba hayupo. Niliona aibu, aibu yenyewe, ile inayochoma masikio. Lile shamba ndilo pekee alilokuwa nalo. Aligawiwa na serikali ya kijiji, na jirani wa pili alithibitisha siku hiyo hiyo kwamba amelilima misimu minne. Kama ule mstari ungebaki, watoto wale watatu wangekula nini? Na wafugaji wangesema kitu kimoja tu: binti wa Wandamba amewapimia Wandamba wenzake. Wasingekosea sana.

Nilikwenda kwa mama mchana ule.

"Mama, ulijua lile shamba ni la Mama Kabula?"

"Nilimwona akilima, ndiyo. Na nilimwona aking'oa. Wewe ukimwona mtu anang'oa dungu utasema nini?"

"Ningemuuliza."

"Ehe. Na diwani ni nani, mimi au wewe? Mbona hukumuuliza?"

Kweli, siku ya vigingi sikumuuliza mwingine yeyote. Nilimuuliza mama swali moja nikasikia jibu nililolitaka, nikaondoka haraka lisije likabadilika.

Ilibaki njia moja ya kurekebisha. Shimo la maji halihamishiki. Shamba la mama lilikuwa mara tatu ya lile la mjane, na ukingo wake ndio uliopaswa kukatwa, ukingo wenye dungu. Nilimweleza Bwana Mkopi nikitegemea aniambie kikao kimeshapitisha na basi. Uchaguzi ulikuwa unakuja, yeye alijua hesabu zangu za kura kuliko mimi. Akasema, "Kikao kilikosea, kikae tena. Nitaandika tangazo. Ila kwa mama yako utakwenda mwenyewe, mimi sina buti za kufika huko."

Mkutano ule ulijaa. Nilisimama nikasema kwamba aliyetamka "hapa hapana mwenyewe" ni mimi, siyo afisa ardhi, siyo mwenyekiti wa kitongoji, na kwamba nimekosea. Nikaeleza mstari unapaswa kupita wapi. Upande wa wafugaji walitazamana kwa mshangao. Upande wa kwetu palikuwa na mngurumo. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasimama, akaniuliza taratibu, "Yustina, hebu tuambie. Wewe ni diwani wa nani?"

"Wa kata, baba."

"Haya. Kata itakupigia kura, tutaona."

Kisha akasimama mama. Hakunitazama. Aliuambia mkutano, "Huyu nimemsomesha kwa mpunga wa pale pale anapopataka. Sina la ziada." Akakaa. Watu wakanyoosha mikono, mstari mpya ukapita. Niliandika matokeo kwenye muhtasari kwa penseli, na ukurasa ule mpaka leo sipendi kuusoma. Nilimpenda mama yangu na nilikuwa nimemkata shamba mbele ya watu wote, yeye akiwa hai, akishuhudia kwa macho yake.

Vigingi vilihamishwa, lakini dungu halikuhama. Kwa desturi yetu hakuna awezaye kuling'oa ila mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amepanda juu yake. Msimu mzima dungu la mama lilisimama katikati ya njia ya ng'ombe iliyopitishwa na mkutano halali, na yeye juu, mgongo umenyooka. Ng'ombe waligawanyika wakapita kushoto na kulia. Wachungaji walivua kofia wakiwa mbali: "Shikamoo, bibi!" Naye, "Marahaba, pitisheni huko, pitisheni huko," akiwavutia kamba za makopo kama anawaamia ndege. Afisa ardhi alikuja akaniuliza anaandikaje kwenye taarifa yake. Nilimwambia aandike kwamba utekelezaji unaendelea. Ni sentensi nzuri hiyo, itawafaa.

Nilishauriwa nimtume mgambo. Nilishauriwa nizing'oe nguzo mwenyewe usiku mama akilala. Nilikataa yote mawili. Watu walidhani namwonea huruma, na kweli nilimwonea, lakini pia nilijua kwamba nguzo zile zikiondolewa na mtu mwingine, ule ukingo ungebaki wa mama kwa miaka hamsini ijayo, vigingi au bila vigingi, na wajukuu wangeupigania. Kwa hiyo nilisubiri. Kila wiki nilikwenda kumsalimia chini ya dungu. Aliitikia salamu na kunipa mahindi ya kuchoma. Habari ya njia hatukuigusa.

Baada ya mavuno nilipokwenda, dungu halikuwepo. Mashimo manne yalikuwa yamefukiwa na kukanyagwa vizuri. Nililikuta mita mia moja ndani ya shamba lililobaki, limeshasimamishwa upya, na nguzo zake zilikuwa nyeusi na zilinuka oili chafu. Pembeni palikuwa na alama za magurudumu ya mkokoteni. Nilipomuuliza mama ni nani aliyemsaidia, alisema, "Jirani." Nilipomuuliza Mama Kabula, alisema, "Bibi aliniita, nikaenda. Mambo ya kwenu siyajui, Mheshimiwa." Mpaka leo sijajua ni nini hasa walichozungumza wale wawili, na ninakiri kinaniuma kidogo, kwa sababu kwenye kata nzima hayo ndiyo mazungumzo pekee ambayo hayakunifikia.

Uchaguzi ulikuja. Kwenye kituo cha kura cha nyumbani nilikozaliwa niliangushwa vibaya sana, na kile cha malishoni kikanibeba. Nilipita kwa kura chache. Nilipokwenda kumshukuru mama kwa kuwa alitembea mpaka kituoni na miguu yake inayouma, alisema bila kuacha kupepeta mchele, "Usinishukuru. Kura yangu sikukupa."

"Ulimpa nani?"

"Kura ni siri, Yustina. Hata hilo hujui, na wewe ni diwani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyumbani, peke yangu, nililia pia, sitaficha.

Kipindi changu cha pili cha kata hakikuwa na makelele mengi. Tulijenga zahanati (makaburi hayakuguswa), tukapigania wodi ya wazazi, nikafundisha wenyeviti watatu wa vitongoji kutumia penseli. Ng'ombe walipita njiani, na palipotokea ugomvi ulikuwa juu ya ng'ombe fulani na shamba fulani, unaamuliwa asubuhi na watu wanakwenda zao. Mgogoro mwingine wa ardhi ulipokuja, sikuangalia tena nguzo wala mitaro wala miti ya mipaka mpaka niwe nimemuuliza kila jirani, kwa jina, mwenye shamba huviondoa lini vitu vyake na huviweka wapi. Ni kazi ndefu na inachosha miguu. Afisa ardhi wa siku zile alikuwa ameshahama, lakini mwingine aliyekuja alilalamika kwamba mimi nauliza kama polisi. Nikamwambia polisi hawaulizi majirani wote.

Niliiacha kata kwa hiari, nikiwa bado naweza kushinda. Nawashauri muondoke hivyo. Bwana Mkopi alikuwa ameshastaafu kabla yangu, na alipokuja kuniaga alikagua daftari langu la mwisho akanionyesha mahali nilipoandika tarehe vibaya.

Mwaka huu Rehema, aliyechukua kiti changu, alikuja na fomu. Kijiji kinatengeneza mpango mpya wa matumizi ya ardhi, na kila kipande cha njia ya ng'ombe kinatakiwa kuwa na jina la mtu aliyeridhia kukitoa, na sahihi yake. Rehema ni binti mwangalifu, alikuwa amesoma mihtasari yote ya zamani kabla hajaja, jambo lililonifurahisha sana. Nikampeleka kwa mama. Tulimkuta uani, sasa haoni vizuri, lakini sauti yake ni ile ile.

"Shikamoo, bibi," Rehema akaanza. "Tumekuja kwa habari ya ile njia. Kumbukumbu zinasema mkutano wa kijiji ndio ulioamua kwamba kile kipande..."

"Mkutano?" Mama akamkatiza. "Mkutano ulikuwa na shamba pale?"

"Hapana, bibi."

"Basi mkutano hauwezi kutoa. Aliyetoa ni mimi. Niling'oa kwa mikono yangu. Andika."

Rehema akanitazama, kisha akaitazama nakala ya muhtasari mkononi mwake, ile yenye mwandiko wangu wa penseli. "Na Mama Diwani, je? Si ndiye aliye..."

"Huyu?" Mama akanigeukia, akanitafuta kwa yale macho yake hafifu mpaka akanipata. "Huyu alikuwa anaandika tu."

Nilimwambia Rehema aandike kama bibi alivyosema. Akaandika jina, Filomena, kwa herufi kubwa, akamsogezea kidau cha wino. Mama akachovya dole gumba, akalibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka alama ikatokeza upande wa pili. Kisha akavuta pindo la khanga yangu, siyo yake, akafutia wino.